Kutangulia si Kufika: Matunguu ya Maua, Baridi Hafifu na Majina ya Misimu

Utangulizi

Katika bustani za Uingereza mwaka una mpaka wake ambao haukuandikwa katika kalenda yoyote. Mpaka huo ni siku ambayo ncha ya kwanza ya kijani hutokeza udongoni, aghalabu chini ya mti uliokwisha kupukutisha majani yake yote, na siku chache baadaye ikafuatwa na ua dogo jeupe lililoinamisha kichwa. Ua hilo wataalamu wa mimea huliita Galanthus nivalis. Katika insha hii litaitwa galanthusi. Kwa mazoea ya watunza bustani wa huko, galanthusi hutazamiwa kati ya Januari na Februari, krokasi Februari, dafodili la manjano Machi, na tulipu Aprili hadi Mei. Mimea hii yote huota kutokana na sehemu iliyonenepa chini ya ardhi mithili ya kitunguu, nayo kwa ajili hiyo yafaa iitwe tunguu. Mtunza bustani huyafukia matunguu yake wakati majani ya miti yanapoanguka, kisha huyaacha yalale.

Desemba 2015 mpangilio huu ulivurugika waziwazi. Wastani wa halijoto ya mwezi huo katika eneo la kati la Uingereza ulikuwa karibu nyuzi 9.7 za Selsiasi, takriban nyuzi 5 juu ya kawaida. Kumbukumbu za vipimo vya eneo hilo zilianza mwaka 1659, na ndizo ndefu kuliko zote duniani. Ndani yake haikuwahi kupatikana Desemba yenye joto kiasi hicho. Madafodili yalichanua kabla ya Krismasi. Chama cha Mimea cha Uingereza na Ayalandi, ambacho tangu 2012 huwaalika watu kuhesabu mimea iliyochanua siku za mwaka mpya, kilipokea mwanzoni mwa 2016 taarifa za aina 612 zilizokuwa na maua. Watu walifurahi, kisha wakaingiwa na wasiwasi, na usemi mmoja ukarudiwa kila mahali: maua yamekosea, yamedanganywa na hewa.

Insha hii inautilia shaka usemi huo. Tunguu halikosei, husoma kwa usahihi kile liwezacho kukisoma. Kilichoharibika ni mapatano ya zamani baina ya wasomaji wengi wa mwaka, ambao kila mmoja ana saa yake: tunguu, ndege, nyuki, mkulima na kalenda. Majina ya misimu katika lugha nayo ni saa ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo jambo lililoanzia katika kitalu cha maua cha nchi ya mbali lawahusu pia wanafunzi wa Kiswahili.

Tunguu na hesabu yake

Ni rahisi kudhani kwamba tunguu ni mbegu kubwa, na kwamba ua huundwa pale linapochipua. Sivyo. Mtu akilipasua tunguu la dafodili mwezi Septemba, ataliona ua zima limekwisha kuumbwa ndani, dogo na lisilo na rangi, limekunjamana katikati ya magamba. Liliumbwa katika miezi ya joto, wakati majani ya juu yalipokuwa yamenyauka na bustani ikidhaniwa kuwa haina kitu mahali pale. Ua la tulipu nalo huumbwa vivyo hivyo, majani yakishakufa. Basi kinachotokea mwanzoni mwa mwaka ni kutoka kwa kitu kilichokwisha kuwapo.

Lakini hakitoki kabla ya kupata ruhusa, na ruhusa yenyewe ina sehemu mbili. Ya kwanza ni baridi. Tunguu la tulipu huhitaji kati ya majuma 12 na 16 ya baridi iliyo chini ya nyuzi 9 hivi ili shina lake liweze kurefuka. Lisipoipata, ua hufunguka karibu na ardhi, fupi na lenye kasoro, au lisifunguke kabisa. Ndiyo maana tunguu la tulipu likipandwa Mombasa bila ya kutiwa kwanza katika chumba cha baridi, litatoa majani na kumtia hasara mwenye kulipanda. Wakulima wa maua wa Uholanzi waliijua siri hii zamani. Huyaweka matunguu katika maghala ya baridi, wakayapa majira ya baridi ya kubuni, na kwa njia hiyo huuza tulipu mwezi Desemba. Sehemu ya pili ya ruhusa ni joto. Baridi ikishatimia, kila siku ya udongo wenye joto kidogo huongeza kasi ya kukua, na kila siku ya jalidi huipunguza.

Hivyo tunguu lina daftari la mapato mawili, baridi iliyopita na joto lililopo, na halina ukurasa wa tarehe. Neno ‘Januari’ halina maana kwake. Majira ya baridi yakiwa hafifu, galanthusi na dafodili, ambayo mahitaji yao ya baridi hutimizwa mapema, hukuta joto limekwisha kufika nayo yakaondoka mara moja. Tulipu, kinyume chake, huweza kucheleweshwa au kudhoofishwa na uhafifu huohuo, kwa kuwa deni lake la baridi halijalipwa. Mtunza bustani anayesema kwamba ‘maua’ yametangulia huyaweka katika kapu moja mambo mawili yanayopingana.

Yafaa kuongeza kwamba hatari kwa mimea hii yenyewe ni ndogo kuliko inavyohofiwa. Jalidi ikirudi baada ya galanthusi kuchanua, mashina yake hulala chini kama yaliyokwisha kufa. Jua likipanda, huinuka tena. Majani ya dafodili huweza kuungua nchani na kugeuka rangi ya kahawia, nalo tunguu likabaki salama. Kwa hiyo wazoefu huwashauri wanagenzi wasiyafunike wala wasiyafukue, bali wayaache. Hasara ya kweli iko mahali pengine, kama itakavyoonekana.

Daftari la Marsham

Hukumu ya kwamba ua limetangulia hudai kipimo: limetangulia kuliko nini? Kumbukumbu ya mtu mmoja haitoshi, kwani kila mzee huamini kwamba baridi ya ujana wake ilikuwa kali zaidi. Huhitajiwa maandishi, na bahati njema maandishi yapo.

Mwaka 1736 mwenye shamba mmoja wa Stratton Strawless, katika jimbo la Norfolk, aitwaye Robert Marsham, alianza kuandika tarehe ya kila dalili ya majira ya machipuko aliyoiona: siku galanthusi lilipochanua, siku vyura walipolia, siku mti fulani ulipotoa majani, siku mbayuwayu wa kwanza alipoonekana. Miaka minne baada ya kuanza alikwisha kuipitia baridi ya 1739 na 1740, ambayo ni miongoni mwa zilizo kali kabisa katika kumbukumbu za nchi ile. Marsham hakuwa akitafuta nadharia. Alipenda miti, na aliandika kwa sababu jambo likitokea kila mwaka mtu hutamani kujua kama limetokea siku ileile. Mwaka 1789 kumbukumbu zake zilichapishwa na Jumuiya ya Kifalme ya London. Mwaka huohuo kilitoka kitabu maarufu cha Gilbert White kuhusu viumbe wa kijiji chake cha Selborne, na wazee hao wawili wakaandikiana barua hadi White alipofariki mwaka 1793. Marsham alifariki mwaka 1797, lakini daftari halikufungwa: wazao wake waliliendeleza, kizazi baada ya kizazi, hadi mwaka 1958.

Kazi kama hiyo iliendelea kwa mikono mingine. Richard Fitter aliandika siku ya kwanza ya kuchanua kwa mimea ya Oxfordshire tangu 1954 hadi 2000. Mwanawe, Alastair Fitter, aliyekuwa mwanasayansi, alizichambua kumbukumbu hizo pamoja naye, na mwaka 2002 wakaonyesha kwamba aina 385 za mimea, zikichukuliwa kwa wastani, zilichanua siku 4.5 mapema zaidi katika miaka ya 1990 kuliko katika miongo minne iliyotangulia. Wastani huo huficha mengi. Mmea uitwao Lamium album, ambao zamani ulianza kuchanua katikati ya Machi, katika muongo ule wa mwisho ulichanua kabla ya Januari kwisha, tofauti ya siku 55. Mwaka 2022 watafiti wengine, wakitumia maelfu kwa maelfu ya taarifa za aina 406 za mimea tangu 1753, walihitimisha kwamba kuanzia 1987 hadi 2019 mimea ya Uingereza imechanua kwa wastani mwezi mzima kabla ya wakati wake wa miaka iliyotangulia.

Si Uingereza peke yake. Huko Kyoto, Japani, tarehe za kuchanua kwa miti ya micheri zimekusanywa kutoka shajara za watawala na watawa tangu karne ya 9. Tarehe 26 Machi 2021 ilikuwa ya mapema kuliko zote zilizokuwa zimeandikwa. Katika mambo haya yote hakuna aliyejua, alipokuwa akiandika, kwamba anaandika ushahidi. Shahidi alikuwa ni yule aliyeandika kitu kidogo, mahali pamoja, bila ya kukoma.

Saa zisizopatana

Wahenga walisema kwamba kutangulia si kufika. Methali hii yaeleza vyema balaa la baridi hafifu. Kuchipua mapema si kufika kwa majira ya machipuko, kwa sababu majira hayo ni mkutano wa wengi, na aliyefika peke yake hajakuta mkutano.

Mfano wa kwanza ni wa miti ya matunda na mizabibu. Mwisho wa Machi 2021 Ufaransa ilipata siku za joto la ajabu, na machipukizi yakafunguka. Juma la kwanza la Aprili jalidi ikashuka usiku baada ya usiku. Wakulima waliwasha mioto kati ya safu za mizabibu ili kuokoa walichoweza, na bado hasara ilienea katika sehemu kubwa ya nchi. Jalidi ya Aprili si jambo geni huko. Jambo geni ni kuikuta mizabibu imekwisha kuvua koti. Ni wazi basi kwamba ongezeko la joto laweza kuongeza madhara ya baridi, neno ambalo kwa mara ya kwanza husikika kama kinyume cha akili.

Mfano wa pili ni wa ndege. Katika misitu ya Uholanzi kuna ndege mdogo, Ficedula hypoleuca, ambaye hula wadudu na kukaa Afrika Magharibi wakati wa baridi ya Ulaya. Hurejea akiongozwa hasa na urefu wa mchana, nao haubadiliki kwa sababu hewa ya Uholanzi imebadilika. Akiwa huku Afrika hawezi kujua kwamba mialoni ya kule imetangulia kutoa majani na kwamba viwavi walao majani hayo wametangulia pia. Afikapo, karamu inakaribia kwisha, na makinda yake hukosa chakula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mahali viwavi walipotangulia sana, ndege hao walikuwa wamepungua kwa kiasi cha asilimia 90 katika muda wa miaka 20. Mbayuwayu wa Marsham naye yumo katika mtego wa namna hiyo, kwa kuwa mbayuwayu wa Uingereza huikimbia baridi hadi Afrika Kusini. Katika zama za Marsham na White ilikuwa bado inabishaniwa kama ndege huyo huhama au hujificha mahali akalala. Leo njia yake yajulikana, na ni saa yake ndiyo inayoleta mashaka.

Kwa upande wa bustani, malkia wa nyuki wakubwa wenye manyoya hutoka mashimoni siku moja ya joto ya Januari, akazunguka akitafuta maua. Akiyakuta magalanthusi na makrokasi yaliyotangulia, huishi; asipoyakuta, akiba yake ya mafuta huteketea bure. Hapa kutangulia kwa ua ni rehema. Lakini ni rehema ya kubahatisha, kwa sababu hakuna makubaliano baina ya ua na nyuki ila yale waliyopewa na hewa, na hewa yenyewe imekuwa haina msimamo. Tarehe 26 Februari 2019, siku ya majira ya baridi kwa mujibu wa kalenda, bustani ya Kew jijini London ilifikia nyuzi 21.2.

Majina ya misimu katika Kiswahili

Mpaka hapa majira yametajwa kwa majina yasiyo na utata kwa Mwingereza. Kwa Mswahili hali ni nyingine, na kila mfasiri aliyewahi kukutana na hadithi ya Ulaya aijua taabu yake. Vitabu vya shule vimezoea kuoanisha majira manne ya Ulaya na majina ya kwetu: masika kwa wakati wa kuchipua, kiangazi kwa wakati wa joto, vuli kwa wakati wa kupukutika, kipupwe kwa wakati wa baridi. Oanisho hili lina ulinganifu wa kupendeza na ukweli mchache. Kipupwe cha Pwani ni cha Juni hadi Agosti; mtoto wa Unguja akisoma kwamba galanthusi huchanua kipupwe kikaribiapo kwisha, ana haki ya kufikiria mwezi wa Agosti. Vuli ya Oktoba hadi Desemba yaafikiana na miezi ya kupukutika huko Ulaya, ila kwa maana imepinduka: kule ni wakati wa majani kufa, huku ni wakati wa mvua na mbegu. Wale waliopendelea kuunda ‘machipuko’ na ‘mapukutiko’ walifanya jambo la busara, kwani walitaja kitendo cha mmea na kuacha kukodi jina la upepo au mvua.

Hata hivyo tofauti iliyo kubwa zaidi ni ya dalili yenyewe. Huko tunguu hungoja baridi kisha joto. Katika Afrika ya Mashariki mimea ya aina hii hungoja maji. Katika uwanda wa Kitulo, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, ambao wenyeji waliuita Bustani ya Mungu na ambao ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, okidi za ardhini hujificha katika viazi vyao wakati wote wa ukavu, na mvua zikija uwanda hufunikwa na rangi. Kanuni ni ileile: akiba chini, ruhusa kutoka juu. Kinachobadilika ni lugha ya ruhusa hiyo. Methali isemayo kuwa dalili ya mvua ni mawingu imetoka katika ulimwengu ambao habari ya kwanza ni ya maji.

Pwani nayo ilikuwa na kalenda iliyotegemea dalili na hesabu kwa pamoja. Kuanzia Siku ya Mwaka, au Nairuzi, watu walihesabu siku 365 kwa miongo ya siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo mkulima alijua wakati wa kupanda na nahodha wakati wa kutweka. Neno Nairuzi ni la Kiajemi, maana yake siku mpya, na huko Iran siku hiyo huangukia Machi, usiku na mchana vinapolingana; mezani huwekwa ua la haiasinthi, ambalo nalo hutoka katika tunguu. Huko Makunduchi, Unguja, Mwaka huogwa mwezi wa Julai, kusi ikivuma. Jina moja, sikukuu moja kwa asili, na majira mawili yaliyo mbali. Hesabu ya siku 365 isiyo na siku ya nyongeza huachana na jua kwa siku moja katika kila miaka minne. Mwendo wa konokono, lakini haurudi nyuma. Watu hawakupotea kwa sababu hiyo. Walijua kwamba hesabu ni chombo, na macho yao waliyaelekeza baharini na mashambani ili kuisahihisha.

Tofauti ya leo ni kwamba kinachosogea ni majira yenyewe. Vuli ya 2019 ilinyesha kupita kiasi katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Kisha, kuanzia mwisho wa 2020, kaskazini na mashariki mwa Kenya zilikosa mvua za kutosha kwa misimu mitano mfululizo. Mzee aliyezoea kusema kwamba vuli imekaribia kwa kuona dalili fulani ya mti au ya wadudu amekuwa katika hali ya yule mtunza bustani wa Desemba 2015. Dalili imetokea, na kile ilichokuwa ikikibashiri hakikuja. Kizazi kinachomsikiliza huamua kwamba mzee amekosea, kama vile maua yalivyoambiwa yamekosea, na jina la dalili hiyo huanza kusahauliwa.

Hitimisho

Msamiati wa misimu aghalabu hukusanywa kama orodha: kaskazi, masika, kipupwe, demani, vuli, kila neno na miezi yake mkabala. Orodha hiyo ni ya lazima, lakini haina tarehe. Haisemi ni mwaka gani, katika kijiji gani, mti gani ulichanua siku ngapi kabla ya mvua, na mwenye kuueleza aliuita kwa jina gani. Mwingereza aweza leo kusema kwamba majira yake yamesogea mwezi mmoja kwa sababu Marsham na wenziwe waliandika siku ya ua dogo lisilo na faida ya chakula wala ya fedha. Katika vijiji vingi vya Pwani na bara maarifa ya kulinganishwa na hayo yapo, tena ni mapana zaidi, lakini yamo vifuani.

Kazi ya kuyaandika haihitaji mitambo. Yahitaji daftari, mahali pamoja, na mtu wa kurudi palepale kila mwaka. Mwanafunzi wa lugha anayekwenda uwandani kukusanya majina ya mimea na pepo anaweza kuuliza swali moja zaidi: mwaka huu ilikuwa lini? Jibu litakuwa na faida ndogo kwa tasinifu yake mwenyewe. Faida yake kubwa itaonekana kwa mtu atakayeuliza swali hilohilo baada ya miaka 50, akitaka kujua kama vuli anayoiona ndiyo ileile iliyotajwa katika kamusi, au ni jina lililobaki baada ya mwenyewe kuhama.